Mbeleko Mwisho Gatini: Siku Nne za Ziwani na Mapacha, Entebbe hadi Ssese

Uganda haina bahari, na kwa mzazi aliye peke yake na mapacha wanaoanza kukimbia hiyo ni nafuu kubwa. Safari ya meli hapa ni ya saa tatu na nusu: unapanda mchana, na jua halijazama umeshashuka. MV Kalangala imekuwa ikisafiri tangu 2006 kati ya Nakiwogo, Entebbe, na gati la Lutoboka kwenye Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa 84 vya Ssese, ndani ya Ziwa Victoria. Ratiba yake ya kawaida ni rahisi kukumbuka. Asubuhi saa mbili inatoka Lutoboka, mchana saa nane inatoka Nakiwogo.

Mpango huu ni wa mtu mzima mmoja na watoto wawili wa kati ya miezi 18 na miaka miwili na nusu, kilo 10 hadi 13 kila mmoja, bila yaya wala shangazi. Tutawaita Babirye na Kato, majina ambayo Waganda huwapa msichana aliyetangulia kuzaliwa na mvulana aliyemfuata. Aliyezoea kusema Kulwa na Doto ameshaelewa. Wewe mwenyewe, ukiwa mama, utaitwa Nnalongo na kila atakayekuona; ukiwa baba, Ssalongo. Pokea heshima hiyo, maana itakusaidia sana njiani.

Kanuni ni moja na ina pande mbili. Nchi kavu, mtoto mmoja awe amefungwa mwilini mwako muda wote unapotembea. Majini, asifungwe hata mmoja. Wengi wanashika upande wa kwanza tu, na ndiyo sababu tunaandika haya.

Wiki moja kabla

Anza na majaketi okozi, nguo baadaye. Majaketi ya melini yametengenezwa kwa watu wazima kwanza. Ya watoto wa kilo 11 nenda nayo mwenyewe. Soma kilo zilizoandikwa kwenye kitambaa cha ndani, usitazame umri, kwa sababu mapacha wa miaka miwili wanaweza kupishana kilo mbili nzima. Tafuta vitu vitatu: kola pana ya povu nyuma ya kichwa, mkanda unaopita katikati ya miguu, na kishikio kilichoshonwa imara nyuma ya shingo. Mkanda wa miguuni ndio watu huukata kwa kuwa unabana pampasi. Usiukate. Bila huo maji husukuma jaketi juu, mwili wa mtoto unabaki chini, na uso wake unazama ndani ya jaketi lenyewe.

Jaribio ni hili. Mvalishe, funga kila kifungo, kisha mnyanyue kidogo kwa kushika mabega ya jaketi. Kidevu na masikio yakizama ndani ya shingo ya jaketi, ni kubwa mno. Nguo za kukulia ni busara sokoni. Jaketi la kukulia ni hatari. Ukinunua la mtumba, bonyeza povu kwa kidole gumba: lisiporudi haraka, au likisikika kama linavunjika ndani, liache hapohapo hata kama rangi yake bado inang'aa. Maboya ya upepo ya kuvaa mikononi usiyahesabu kabisa. Na rangi iwe ya machungwa, njano au nyekundu. Bluu haionekani ziwani.

Kisha wavalishe dakika kumi kila jioni kwa siku saba. Mtoto anayevalishwa kwa mara ya kwanza gatini hujipinda mgongo na kupiga kelele, na pacha wake hulia kwa sababu mwenzake analia. Ukiwa na mikono miwili tu, kilio cha wawili kwa pamoja kwenye daraja la meli hutakiweza.

Mizigo iwe miwili: begi moja kubwa atakalobeba mchukuzi, na mkoba mmoja wa kukatisha begani ambao hautoki kwako. Pampasi sita kwa siku kwa kila mtoto ni 48 kwa siku nne; ongeza nane za akiba, ziwe 56. Kati ya hizo, nane zikae kwenye mkoba. Mkobani humo weka pia nguo za kubadilisha mara mbili kwa kila mtoto, shati moja lako (hili husahaulika, na matapishi ya kwanza huangukia kifuani mwa mzazi), mifuko sita ya kaveera (plastiki), taulo ndogo, na lita mbili za maji yaliyochemshwa. Pakiti nne za ORS (chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini) zinatosha, kila moja kwa lita moja ya maji safi. Zikiisha, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa lita moja, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Chumvi ikizidi inadhuru, kwa hiyo usikadirie kwa kiganja.

Chukua kipimajoto na parasetamoli ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5. Mtoto wa miezi 6 hadi asiyefika miaka miwili hupewa mililita 5. Aliyetimiza miwili na hajafika minne, mililita 7.5. Ni mara nne tu kwa saa 24, na kati ya dozi na dozi zisipungue saa nne. Tatizo la mapacha ni jingine: usiku, umechoka, chupa ni moja, na mtoto yuleyule anapewa mara mbili huku mwenzake akikosa. Bandika utepe wa karatasi kwenye chupa, uandike jina na saa kabla hujamimina. Kabla, si baada.

Kigari cha watoto wawili kiache nyumbani. Ni kipana kwa milango ya meli, na kwenye mchanga wa Lutoboka magurudumu yanazama. Beba mbeleko mbili, kitenge kigumu kisichoteleza, na poti moja. Chandarua chenye dawa cha kitanda kikubwa ni chako pia, kwa kuwa vya hotelini mara nyingi vina matundu na havifiki chini ya godoro.

Kuhusu mwezi wa kusafiri: Machi hadi Mei na Oktoba hadi Novemba ni mvua na radi. Juni hadi Agosti kuna ukavu, lakini upepo wa kusini-mashariki unakuwa na nguvu na ziwa linachafuka zaidi. Kwa watoto hawa, chagua kati ya mwisho wa Desemba na Februari.

Siku ya kwanza: Kampala hadi Entebbe

Ni kilomita 40 tu, na ndiyo maana watu hushawishika kutoka Kampala asubuhi ya siku ileile ya meli. Usifanye hivyo. Foleni moja mbaya inakula usingizi wa watoto, chakula chao na nafasi yako melini. Lala Entebbe.

Kodi gari lenye mikanda nyuma, na ufunge viti vya watoto wewe mwenyewe. Kikishafungwa, shika kiti pale mkanda unapopita na ukitikise. Kikicheza zaidi ya sentimita mbili na nusu, fungua uanze upya. Bodaboda moja kwa wewe na mapacha, hata kwa umbali mfupi wa kwenda gatini, haiwezekani: mmoja atakuwa mgongoni, mwingine mbele kwenye tenki, na hakuna mkono uliobaki. Barabara ya mwendo kasi hulipiwa shilingi 5,000 kwa gari dogo, na kwa siku hii inastahili kila shilingi.

Chagua nyumba ya wageni yenye bwawa la kuogelea, hata dogo, kwa kazi moja: kujaribu majaketi ndani ya maji. Omba mhudumu aketi na Kato kwenye mkeka, hatua kumi kutoka ukingoni. Ingia na Babirye sehemu inayokufika kiunoni, mlaze polepole, legeza mikono bila kuiondoa. Tazama mdomo wake. Ukikaa juu ya maji bila yeye kuinua shingo, jaketi linafaa. Akigeukia tumbo na kubaki hivyo, halifai, na ni heri uligundue hapa. Kisha badilishana watoto. Dakika tano kila mmoja, mtoke, muoge.

Jioni waandike nambari yako ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika haraka. Kesho asubuhi, watakapokuwa wamevaa, wapige picha pamoja, mwili mzima. Mtoto akipotea kwenye umati, mzazi aliyeshtuka hukumbuka sura na kusahau rangi ya shati.

Siku ya pili: Nakiwogo hadi Lutoboka

Asubuhi wachoshe. Bustani ya mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa 1898, ina nyasi na vivuli vinavyoshuka hadi ufukweni. Wakimbie upande wa juu, mbali na maji, na chakula kisionekane: tumbili wa hapo humpokonya mtoto ndizi mkononi. Usiwaruhusu kulala, hata garini. Usingizi wao unauhitaji saa nane na nusu mchana, mkiwa melini.

Saa tano na nusu wape chakula kamili lakini kisicho na mafuta mengi: wali, viazi, matoke na mchuzi mwepesi. Maziwa machache. Roleksi ya barabarani, chapati iliyoviringishiwa mayai, ni tamu, ila mafuta yake na mawimbi havipatani. Saa sita na nusu uwe umeshafika Nakiwogo.

Nakiwogo ni mwalo wa kazi. Kuna harufu ya samaki, malori, wachuuzi, na mashua za mbao zinazovusha watu kwenda Buwaya ng'ambo ya pili. Babirye, aliye mzito, awe mgongoni ndani ya mbeleko kabla hujafungua mlango wa gari upande wa Kato. Mpangilio huu uufuate kila mahali siku zote nne: kwanza mmoja afungwe, ndipo wa pili afunguliwe. Ajali za mapacha hutokea katika zile sekunde ambapo wote wawili wako huru.

Mpe mchukuzi begi, mpatane bei kabla hajalinyanyua, na umlipe mkifika kiti chenu. Mizigo mpe mchukuzi, watoto usimpe. Tiketi zinapokatwa, taja majina ya watoto wote wawili na uhakikishe yameandikwa kwenye orodha ya abiria. Watoto wa kubebwa huachwa nje ya orodha kwa sababu hawalipi au hawakai kiti chao, na mapacha huandikwa kama mmoja. Orodha hiyo ndiyo itakayotazamwa siku ya shida.

Wachuuzi wataleta karanga, bisi na pipi. Pokea ndizi ya bogoya. Karanga kwa mtoto wa umri huu zinakaba koo nchi kavu, sembuse kwenye chombo kinachoyumba ambako huwezi kumwinamisha mmoja bila kumwachilia mwingine.

Sasa gati lenyewe. Hapa mbeleko inafika mwisho. Mtoto aliyefungwa mgongoni, ukitumbukia naye majini, yuko nyuma na chini yako: jaketi lako linakugeuza uso juu, na yeye anabaki ndani ya maji akiwa amefungwa kwako kwa fundo ulilolikaza wewe mwenyewe, kitambaa kimelowa, hakifunguki. Vivyo hivyo usimfunge mtoto kwenye benchi wala kwenye chuma cha sitaha kwa mkanda au kanga. Kitu kinachomzuia asianguke ndicho kitakachomzuia asielee.

Kwa hiyo keti chini mahali penye kivuli, mbali na maji. Kato amevalishwa jaketi na yuko katikati ya magoti yako. Mfungue Babirye, mvalishe lake, funga mkanda wa miguuni, kunja mbeleko uitie mkobani. Vaa lako. Subiri. Meli hii hubeba magari pia, na bamba la kupandia ni lilelile ambalo magari hurudi nyuma juu yake. Usikanyage bamba hadi injini za magari zizimwe.

Kupanda: Babirye ubavuni, mkono wako ukizunguka jaketi lake, Kato anatembea mbele yako, na mkono wako mwingine umeshika kishikio cha nyuma ya shingo, si kiganja chake. Kiganja cha mtoto mwenye jasho kinateleza. Mwombe baharia, kwa kumtazama machoni, asimame upande wa maji. Atafanya. Huenda mtu nyuma yako akanyoosha mikono: "Nnalongo, leta nikushikie mmoja." Ni ukarimu wa kweli na usiukatae kwa ukali. Jibu: "Webale nnyo (asante sana), nisaidie tukishakaa." Kumkabidhi mtu mtoto juu ya bamba kunaongeza jozi ya miguu mahali pembamba, na mtoto akimkataa mgeni atajitupa nyuma.

Kiti kizuri kiko katikati ya urefu wa meli, chini kuliko juu, karibu na mlango. Kadiri unavyokaa juu ndivyo kuyumba kunavyozidi. Ukikaa nyuma, moshi wa dizeli unakufikia. Watoto wakae upande wa ukuta, wewe upande wa njia. Tafuta kwa macho mlango wa pili na mahali yalipo maboya.

Majaketi hayavuliwi. Joto litawasumbua, kwa hiyo ndani yake wavae fulana nyepesi tu. Mbadilishe pampasi kabla meli haijaondoka, maana kufungua mkanda wa miguuni ziwani ni kazi ya mikono miwili.

Saa nane mchana nchi kavu imeshapata joto kuliko ziwa, na upepo unavuta kutoka majini kuelekea ufukweni. Meli inaelekea kusini-magharibi, hivyo ule wa kusini-mashariki unaipiga ubavu wa kushoto. Dakika kumi baada ya kutoka ghubani utausikia. Chini ya miaka miwili, watoto hawaugui mawimbi kwa urahisi. Baada ya hapo huanza. Dalili za kwanza ni ukimya, miayo, mate mengi na midomo kupauka. Ukiona hivyo mgeuze atazame mbali dirishani, mstari wa mbingu na maji, mpe maji vijiko viwili vitatu, biskuti kavu, na zima simu. Katuni kwenye simu ndiyo inayowatapisha zaidi kuliko ziwa lenyewe, kwa sababu macho yanasema tumetulia na masikio yanasema tunacheza. Dawa za kichefuchefu usimpe aliye chini ya miaka miwili bila daktari.

Mngurumo wa injini utawalaza, lakini si kwa pamoja. Aliyelala mlaze katikati yako na ukuta, kichwa kikielekea kwako, kola ya jaketi ikiwa mto. Aliye macho mpe shughuli za dakika kumi kumi: kikombe na kifuniko, utepe wa karatasi wa kubandua, kipande cha chapati. Sitahani msiende. Vyuma vya pembeni vimepangwa kwa kimo cha mtu mzima, na mtoto wa miaka miwili anapita katikati au anapanda kama ngazi. Haja ya choo yako wewe ndiyo saa ya kuukubali ule msaada wa gatini. Chagua mama aliyekaa karibu nawe tangu mwanzo, mwachie aliyelala, nenda na aliye macho.

Njiani humo meli inavuka ikweta, kwa kuwa Entebbe iko kaskazini yake kidogo na Kalangala kusini. Hakuna cha kuona. Ila katika imani ya jadi ya Waganda, Mukasa, mwenye ziwa, ndiye pia mtoa mapacha, na hekalu lake kuu lilikuwa Bubembe, humuhumu Ssese. Mzee akiwatazama watoto wako kwa muda mrefu akitabasamu, huenda ndiyo sababu.

Karibu saa kumi na moja na nusu jioni mnafika Lutoboka. Usisimame. Abiria watasukumana, magari yatawashwa, na moshi utajaa chini. Kaa dakika kumi na tano hadi njia iwe tupu, kisha shuka kwa mtindo uleule wa kupanda. Ukishakanyaga nchi kavu na kupita magari yote, ndipo mbeleko inatoka mkobani.

Siku ya tatu: Bugala

Chagua nyumba ya kulala iliyo Lutoboka kwenyewe, karibu na gati. Mji wa Kalangala uko juu ya kilima, na kupanda na watoto wawili kila siku ni adhabu. Huko juu ndiko kilipo Kituo cha Afya cha Kalangala cha daraja la nne. Omba nambari ya dereva wa gari siku mnayofika kisiwani, kabla hujaihitaji.

Kabla ya kuwaogesha, uliza maji ya bomba yanatoka wapi. Kwa kawaida yanapandishwa kutoka ziwani. Ziwa hili lina kichocho cha tumbo, na vimelea vyake, wakitoka kwenye konokono wa majini, hupenya ngozi katika dakika chache bila mtu kuhisi. Hawaishi muda mrefu nje ya konokono: maji yaliyokaa tangini siku mbili kamili, bila maji mapya kuongezwa, ni salama kwa kuoga. Kama tangi linajazwa kila asubuhi, omba yachemshwe kisha yapoe. Lita kumi zinatosha wote wawili kwa beseni.

Kwa hiyo ziwani wasiingie, hata vifundo vya miguu. Ni vigumu, mchanga ni mweupe na maji ni shwari, na wazazi husema hapa hakuna majani kwa hiyo hakuna konokono. Vimelea huelea, mawimbi huwaleta kutoka kwenye matete ya jirani. Kujikausha kwa taulo kwa nguvu kunapunguza, hakuzuii. Weka beseni kivulini, hatua thelathini kutoka majini, lijaze maji ya tangi kina cha vidole vitatu, wape vikombe na mchanga. Wataridhika kabisa. Usiliache hata kidogo likiwa na maji; kina hichohicho kinatosha kuzamisha mtoto aliyeanguka kifudifudi. Mwaga kwanza, ndipo uitike simu.

Waache wavae viatu vya kufungwa, kwa sababu ya funza. Kuanzia saa nne hadi saa kumi jua la ikweta linapiga mara mbili, juu na kutoka majini. Kofia pana na kivuli. Choo cha shimo usimpeleke mtoto wa umri huu, tumia poti. Saa kumi na mbili jioni mikono mirefu, suruali, na dawa ya mbu yenye DEET isiyozidi asilimia 30, kwenye ngozi iliyo wazi tu, si viganjani, kwa kuwa viganja huenda mdomoni. Chandarua kipite chini ya godoro pande zote nne kabla giza halijaingia. Nzi wa ziwa wakija kama wingu kwenye taa, hawaumi. Zima taa ya nje na funga mlango.

Utapewa nafasi ya kwenda kutazama machweo kwa mashua ya starehe. Kwa mtu mzima mmoja na mapacha jibu letu ni hapana. MV Templar ilizama karibu na ufuko wa Mukono tarehe 24 Novemba 2018 ikiwa imejaa watu waliotoka kustarehe, kupita uwezo wake, na zaidi ya 30 walifariki. Katika mashua ndogo huna baharia wa kusimama upande wa maji, wala kiti chenye ukuta.

Siku ya nne: kurudi

Meli ni saa mbili asubuhi, kwa hiyo begi lifungwe usiku, na nguo za safari wavishwe watoto wakilala. Saa kumi na moja na robo amka wewe peke yako. Saa kumi na mbili waamshe, uji mwepesi, pampasi mpya, na saa moja kasorobo muwe gatini.

Radi za Ziwa Victoria hupiga zaidi usiku hadi alfajiri, upepo unapogeuka na kuvuta kutoka nchi kavu kukutana katikati ya ziwa. Asubuhi unaweza kukuta mawimbi yaliyobaki ingawa anga ni jeupe. Ukiona wingu jeusi lenye ukingo mnene upande wa ziwa, muulize baharia. Meli ikichelewa, furahi kwamba nahodha amengoja. Ndiyo maana kazi na miadi isipangwe kesho yake. Acha siku moja ya akiba, na pampasi zile nane za akiba ni za kuanzia siku hiyo.

Meli isipotoka kabisa, iko njia ya pili: kivuko cha Luuku kwenda Bukakata, upande wa Masaka, kisicho na nauli kwa abiria wala gari. Inataka gari la kukodi kukatisha kisiwa, kuvuka kwa chini ya saa moja, kisha Masaka na kilomita 130 za lami hadi Kampala. Ni siku nzima. Kwenye kivuko hicho watoto wasibaki wamefungwa garini. Washuke, wavae majaketi, msimame mbali na magari. Ni kanuni ileile.

Safari ya asubuhi huwa ngumu kidogo kuliko ya kwenda, kwa kuwa watoto wameamka sasa hivi na hawatalala hadi saa nne. Hapa ndipo chapati, utepe na kikombe vinapomalizwa vyote. Saa tano na nusu mko Nakiwogo.

Baada ya kurudi

Majaketi yasuuze kwa maji ya bomba, yatundike kivulini. Jua kali hula kitambaa na kukausha povu. Andika kalendani tarehe mbili. Ya kwanza ni siku ya saba tangu mfike kisiwani: tangu hapo, homa yoyote ya mtoto yeyote ipimwe malaria siku hiyohiyo, na akiugua mmoja mpime na mwenzake. Ya pili ni wiki ya nane. Kama mtoto aligusa ziwa, hata kwa kukimbilia mpira mara moja, apelekwe akapimwe kichocho, kwa sababu kipimo kikifanywa mapema mno hakioni kitu. Taja kilo za kila mmoja kwa daktari, kila mmoja kwa jina lake.